Kidole Hakijasoma, Rudia

Tuna neno, sisi wenye laini. Wanasheria wana semina zao, na kampuni zina watu wa kuzisemea. Sisi tuna kijiwe, tuna daladala, tuna foleni ya maji, na huko kote siku hizi mazungumzo hayaishi bila mtu kutoa simu mfukoni na kusema, "Hebu oneni hawa wameniandikia nini tena."

Wameandika yale yale. "Ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo." "Mimi mwenye nyumba wako, kodi nitumie huku." "Mwanao ameanguka shuleni, tuma ya dawa haraka." Aliyedaiwa kodi amejenga kwake Chanika na hajawahi kuwa na mwenye nyumba tangu aoe. Aliyeambiwa mwanawe ameanguka, mwanawe huyo ni mwalimu, yeye ndiye anayeokota walioanguka. Tunacheka. Halafu tunaona mmoja wetu hacheki, kwa sababu mwezi ule alikuwa anadaiwa kodi kweli, ujumbe ukamkuta na hela mkononi, akatuma.

Wezi walikuwepo hata kabla ya simu, hilo tunalijua. Kinachotuuma ni kwamba tulitoa kila tulichoombwa: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA), vidole. Tulitoa kwa ahadi ya usalama. Matokeo yake anayejulikana ni sisi, na tapeli ndiye mwenye faragha.

Kwa upande wa karatasi hatuna njaa. Katiba, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa faragha ya nafsi yake, ya nyumba yake na ya mawasiliano yake. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ikamfunga mdomo mfanyakazi wa kampuni ya simu asitoe nje habari za mteja. Mwaka 2022 Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan 3 Aprili 2024, na siku hiyo akaagiza taasisi zote, za umma na za binafsi, ziwe zimejisajili kwenye Tume kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Muda ukaongezwa.

Hapo kwenye kuongezewa muda tunaomba tusimame kidogo, maana sisi nasi tuliwahi kupewa muda. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 1 Mei 2019 na mwisho ukawekwa 31 Desemba. Bila namba ya NIDA huna laini, na namba yenyewe ilikuwa na foleni yake, ya kuanzia alfajiri, wengine na watoto mgongoni, unafika dirishani unaambiwa mtandao umekata, njoo kesho. Rais Magufuli alisajili ya kwake kwao Chato siku za mwisho za Desemba, akatuongezea siku 20. Ilipofika 20 Januari 2020 mlango ukafungwa, laini zikaanza kuzimwa. Mkulima ambaye kitambulisho chake kilikuwa bado kwenye makaratasi ya watu alizimiwa simu pamoja na hela iliyokuwa ndani yake. Hakuna aliyemwita kwenye semina ya kumjengea uelewa. Taasisi zenye kompyuta, wanasheria na idara nzima ya kushughulikia sheria, kwao kujaza fomu ya kujisajili kulihitaji subira ya taifa.

Tuendelee. Vidole tuliambiwa vitawaumbua matapeli. Laini itakuwa na mwenyewe, mwenyewe atakuwa na sura, na sura itakuwa na anwani. Sasa tunauliza, na tunaomba mtu mzima atujibu: ile laini iliyotuandikia kuhusu kodi ya Chanika, imesajiliwa kwa kidole cha nani?

Jibu tunalo, na si zuri. Ni kidole chetu.

Mwulize yeyote aliyesajili laini chini ya mwavuli, stendi, sokoni au nje ya msikiti baada ya Ijumaa. Kijana ana kishikwambi au simu, ana kifaa kidogo cha kusoma alama, ana fulana ya kampuni, na analipwa kwa idadi ya laini. Unaweka kidole. "Mama, hakijasoma, rudia." Unakipangusa kwenye kanga, unarudia. "Bado. Hebu jaribu hiki kingine." Unajaribu. "Mtandao unasumbua, weka tena." Unaondoka na laini moja ukidhani ulikuwa unahangaika na mtandao, kumbe kwenye jina lako zimebaki mbili, tatu, ambazo hujaziona na hutaziona. Hizo ndizo zinazouzwa kimyakimya kwa mtu asiyetaka kujulikana.

Na ujanja huu umewakuta hasa wale ambao vidole vyao kweli havisomi. Wapasua kokoto wa Kunduchi, mafundi saruji, kina mama waliokoka jiko la kuni na kulima kwa jembe miaka hamsini: ngozi imelika, mistari imefutika. Mtu wa namna hiyo amezoea kuambiwa arudie. Benki anarudia, kwenye kitambulisho anarudia. Atajuaje kwamba safari hii kidole kilisoma mara ya kwanza, na mara ya pili na ya tatu alikuwa anamsajilia mwizi?

Dawa ipo, tunaambiwa, nayo ni *106#. Unabonyeza, unachagua, unaingiza namba ya NIDA, unaonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Jambo jema, tusiwe watu wa kulaumu kila kitu. Lakini fikiria yule mzee tunayemsomea hata ujumbe wa salio. Fikiria pia yule aliyeweza kubonyeza, akakuta namba asizozijua zimekaa kwenye jina lake kama wapangaji, akapanda daladala mbili kwenda dukani kwa kampuni kuzikana. Alipofika, akaombwa nini? Kitambulisho, na kidole. Akaambiwa arudie.

Kuna na ile 15040 ya kupeleka ujumbe wa matapeli. Tunapeleka. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hutoa takwimu kila robo mwaka, mkoa kwa mkoa, na Rukwa na Morogoro zimekuwa zikitajwa juu. Laini zinafungwa kwa maelfu. Tunashukuru. Lakini anayefungiwa laini iliyo kwa jina la bibi wa Namanyere hapotezi kitu. Anafungua bahasha nyingine. Bibi ndiye atakayeeleza polisi.

Tuje kwenye daftari, kwa kuwa kina dada hapa wamesema tusipolisema hili watatoka kijiweni.

Kila wakala wa miamala ana daftari. Limelala mezani, wazi, kalamu imefungwa kwa uzi. Ukitoa hela unaandika jina, namba ya simu, kiasi, unasaini. Anayekuja nyuma yako anaandika chini yako, na akiwa anatafuta mstari wake anasoma wa kwako: Fulani binti Fulani, namba hii hapa, ametoa laki nne saa kumi na moja jioni, na mgongo wake ule unaingia uchochoro wa kushoto. Ukifika nyumbani simu inaita. "Mambo mrembo, nimekuona pale kwa wakala." Mwenye adabu ataishia hapo. Wapo wasioishia hapo, na wapo ambao hawavutiwi na urembo bali na ile laki nne.

Mmoja wetu ni wakala. Alipoguswa alijitetea, na utetezi wake una haki yake. Amesema hela ikikosewa kutumwa na mteja akakana, daftari ndilo linalomwokoa. Bila saini yeye ndiye atakayelipa, na kamisheni ya siku nzima haifiki hasara ya muamala mmoja. Tumemwelewa. Tulichomwomba ni afunike mistari ya juu kwa kipande cha karatasi, mtu aone mstari wake tu. Amekubali kufikiria. Kampuni ambazo jina lao limeandikwa ukutani kwake kwa rangi kubwa kuliko jina lake hazijawahi kumfikiria hata kwa kipande hicho.

(Daftari la nyumba ya wageni tutaliacha kwa leo. Lile linalouliza jina, kabila, simu, unatoka wapi na unakwenda wapi, na kukaa hapo kaunta kila mpita njia ajue nani alilala chumba namba saba. Hilo linataka makala yake, na ndoa kadhaa zitatajwa.)

Baada ya wakala, mikopo ya simu. Unapakua programu, inakuomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi. Ukikataa, hakuna mkopo. Ukikubali unapata elfu thelathini iliyokwisha kukatwa, na siku saba za kulipa. Ukichelewa, hawakusumbui wewe tu. Wanamwandikia mama mkwe, mwenyekiti wa kikoba, bosi, shemasi, na fundi aliyekutengenezea kabati zamani: "Mwambie Fulani alipe deni letu, wewe ndiye mdhamini wake." Wengine wameunganishiwa picha yao na neno MWIZI kwa wino mwekundu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Watu wengi waliisoma wakaona programu zile zile zilizomo kwenye simu zao.

Mtatuambia aliyekopa alikubali mwenyewe. Haya, na yule fundi wa kabati? Hakukopa. Hakupakua chochote. Ana kitochi chenye redio na tochi. Jina lake na namba yake vimechukuliwa, vimehifadhiwa mahali, vimetumiwa kumtishia mtu mwingine, na siku akiuliza vilifikaje huko hakuna dirisha la kumjibu. Sheria ya 2022 inasema anayekusanya taarifa za mtu amweleze kwanza anazikusanya za nini na zitamfikia nani. Fundi bado anasubiri kuelezwa.

Matangazo tuyapite haraka, yanajulikana. "Hongera, umechaguliwa!" Umechaguliwa na nani, kwa kura zipi? Sheria inakupa haki ya kukataa taarifa zako kutumika kukutangazia biashara. Jaribu kukataa. Unatuma neno la kujitoa, unajibiwa kwamba huna huduma uliyojiunga nayo, na saa sita usiku unapongezwa tena na kamari.

Kuna jambo lingine ambalo kijiweni tukilifikia watu hushusha sauti, na wengine hukumbuka wana kazi ya kumalizia nyumbani.

Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika habari za kesi ya ajira iliyokuwa London. Aliyekuwa mchunguzi wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikimiliki Tigo Tanzania miaka ile, alidai kwamba taarifa za simu za Tundu Lissu, mbunge wakati huo, zikiwemo za mahali alipo, zilikuwa zikipelekwa kwa Serikali katika wiki za kabla ya kupigwa risasi Dodoma 7 Septemba 2017. Alidai pia kwamba yeye aliondolewa kazini kwa sababu ya kuhoji jambo hilo. Siasa za Lissu ziacheni pembeni. Hapa tumekaa wa vyama vyote na wasio na chama. Sisi tulichosikia ni kitu kimoja: simu yako hata usipopiga inasema ulipo, na kuna mtu ofisini mwenye uwezo wa kusoma. Mbunge wa wakati ule, anayefahamika nchi nzima, alikuja kuyasikia madai hayo miaka saba baadaye, kutoka London. Muuza mitumba wa Karume atayasikia lini, na kutoka wapi?

Hatusemi polisi wasifuatilie majambazi. Aliyeibiwa pikipiki anataka ifuatiliwe leo hii. Tunasema awepo mtu anayeuliza kabla mlango haujafunguliwa: nani anaomba, kwa kosa gani, kwa amri ya nani, kwa siku ngapi. Sheria ya 2022 imeacha milango ya usalama wa taifa na upelelezi wazi kwa upana ambao hata lori la mizigo linapita bila kugusa kizingiti. Mwaka 2024 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanasheria Tito Magoti, ilikubali kwamba maneno ya baadhi ya vifungu vya sheria hii hayaeleweki mipaka yake, ikaitaka Serikali ivirekebishe. Kwa hiyo tukisema hatuielewi vizuri, si kwa sababu hatukusoma.

Wakati sisi tunaambiwa tuwe watulivu maana Tume bado changa, jirani zetu Kenya walikwisha kuonja. Sheria yao ni ya mwaka 2019. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, ilitoza faini tatu kwa mpigo. Shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Klabu moja ya starehe Nairobi 1,850,000 kwa kumtangaza mteja mtandaoni bila kumwuliza. Kampuni moja ya mikopo ya simu 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizochota kwa watu wengine kuwatisha watu. Hatutaki kusema Kenya ni peponi, wana makorokoro yao ya kutosha. Lakini siku ile kila mwalimu mkuu mwenye kamera alijua sheria ipo, na kila mwenye baa alijua. Hawakujulishwa na kipeperushi.

Faini ya kwetu kwenye maandishi ni nene kuliko ile. Kampuni ikitoa taarifa za mtu kinyume cha sheria inaweza kutozwa hadi shilingi bilioni tano, na mtu binafsi hadi milioni ishirini au kifungo hadi miaka kumi. Tulipozisoma hizo namba kijiweni mmoja alipiga mluzi. Mwingine akauliza swali la kiutu uzima: kwa hiyo yule kijana wa mwavulini, anayelala chumba kimoja na wenzake wanne Tandale, ndiye atakayekwenda miaka kumi, na kampuni iliyomvisha fulana itasema hakuwa mwajiriwa wake? Tulinyamaza, maana tunavyoijua nchi yetu, swali lina jibu.

Sasa, kwa kuwa kulalamika tu mtatuambia ni kazi ya wasio na kazi, tunasema tunachotaka, na ni kidogo. Kila kitambulisho chetu kinapotumika kusajili laini, ujumbe uje papo hapo kwenye laini tuliyonayo siku zote, kwa Kiswahili, ukitaja namba mpya na mahali iliposajiliwa, nasi tuwe na siku mbili za kuikataa kwa kubonyeza namba moja tu. Kampuni inajua kutuarifu kwamba bando limebaki asilimia ishirini na tano; hilo nalo haliwezi kuishinda. Taarifa zetu zikivuja tuambiwe na aliyezivujisha, siyo tuzione zimetumika. Wasajili laini walipwe mshahara badala ya kulipwa kwa kichwa, tuone vidole vitaanza kusoma mara ya kwanza.

Na Tume, ambayo tunaitakia heri, itupe njia ya kulalamika inayofanya kazi kwenye kitochi. Kanuni za malalamiko zipo tangu 2023, lakini mtu aliyetapeliwa elfu arobaini hawezi kuanza kutafuta tovuti, kupakua fomu, kuichapisha kwa mia tano kwa karatasi na kuipeleka ofisini. Atakunja shingo na kuendelea. Kama kura za kumchagua msanii bora tunapiga kwa ujumbe mfupi, lalamiko nalo lipite huko huko, bure, na likipokelewa lijibiwe kwa jina la ofisa aliyelipokea. Letu yeye analo.